Mkutano mkuu wa kijiji: namna ya kuuitisha, kusoma hesabu na kulinda muhtasari

Nimefanya kazi ya utendaji wa kijiji miaka 19, katika vijiji vitatu vya magharibi mwa Dodoma, upande wa njia ya kwenda Manyoni. Sasa nimestaafu, nalima uwele na alizeti. Haipiti wiki bila mtu kunifuata shambani au kunipigia simu: "Mama, fedha za kijiji chetu zinakwenda wapi?" Nami humuuliza: mkutano mkuu wa mwisho mlikaa lini, na muhtasari wake uko wapi? Swali la kwanza wengi hulijibu kwa kukisia. La pili hawana jibu kabisa.

Naandika kwa ajili ya mtu huyo. Kwa miaka yote hiyo nimeona jambo moja likijirudia: kijiji ambacho wakazi wake wanajua muhtasari wao uko wapi, fedha zake huonekana. Kijiji ambacho muhtasari unakaa kwenye mkoba wa mtu mmoja, kila kitu kiko kwenye mkoba huo, ardhi ikiwemo.

Kwanza, ujue mwenye nguvu ni nani

Mkutano mkuu wa kijiji ni wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Hauchagui chama, dini wala kabila, na aliyehamia kutoka Singida akajenga na kuishi hapo ana nafasi sawa na aliyezaliwa hapo. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya mwaka 1982 inasema mkutano huu ndio wenye mamlaka ya juu katika sera za kijiji. Chini yake kuna halmashauri ya kijiji, wajumbe wasiopungua 15 na wasiozidi 25, wanaochaguliwa kwa miaka mitano. Mara ya mwisho tumechagua tarehe 27 Novemba 2024. Halmashauri hiyo ni chombo cha kisheria: inamiliki mali, inaingia mkataba, inashtaki na kushtakiwa. Ninyi mnaokaa kwenye mitaa ya Jiji la Dodoma, mtaa wenu haukupewa nguvu hiyo, kwa hiyo haya nitakayosema yatawafaa nusu nusu.

Mwenyekiti amechaguliwa na ninyi. Mtendaji ameajiriwa na halmashauri ya wilaya na ndiye katibu, yaani ndiye anayeandika. Afisa Tarafa na Mkuu wa Wilaya ni wa Serikali Kuu. Nimeona watu wakipanda basi kwenda kwa Mkuu wa Wilaya kulalamikia mchango wa darasa ambao wangeweza kuumaliza wenyewe chini ya mti wao wa mkutano. Safari ile inachosha, na jibu analopewa mtu mara nyingi ni kwamba arudi kijijini.

Watu huniuliza, kama sheria ni hiyo, mbona hatukuzoea? Marehemu baba yangu alihamishwa na Operesheni ya mwaka 1971, ile ya kuwahamishia watu kwenye vijiji vya ujamaa, akajengewa mstari wa nyumba asiouchagua. Mwaka uliofuata halmashauri za wilaya zikafutwa kwa jina la madaraka mikoani, na maamuzi yakawa ya maofisa wa mkoa na wilaya. Mwalimu Nyerere mwenyewe baadaye alikiri kwamba kuzifuta serikali za mitaa lilikuwa kosa. Zilirudi kwa sheria ya 1982 na kuanza kazi 1984, kisha mwaka 1998 ikaja sera ya ugatuaji, ya kupeleka madaraka kwa wananchi. Lakini wazee wetu walikwisha kuzoea kuitwa, kuambiwa na kutawanyika, na wakatulea hivyo. Mkutano unaoambiwa si mkutano mkuu. Ni tangazo.

Kuitisha

Mkutano mkuu hukaa kila baada ya miezi mitatu. Panga miezi yenyewe mapema ifuate mwaka wa fedha wa Serikali, unaoanza Julai mosi: mkutano mmoja mwishoni mwa Septemba, mwingine Desemba, Machi, na Juni. Hapo kila mkutano unapokea hesabu ya robo iliyokamilika.

Huku kwetu mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili. Ukiitisha mkutano wa Machi saa tatu asubuhi, watakaokuja ni wenye maduka na wenye bodaboda, kwa sababu kila mwenye jembe yuko shambani akikimbizana na magugu. Mkutano wa Machi uwe saa tisa alasiri. Usiuweke siku ya mnada, wala siku ya mazishi ya mtu mkubwa.

Tangazo litoke siku saba kabla, na liwe na ajenda. Tangazo lisilo na ajenda humkuta mtu hajajiandaa, na asiyejiandaa hukaa kimya. Bandika ofisini, shuleni na zahanati, peleka msikitini na kanisani, halafu usisahau kisimani. Wanawake wa kijiji changu cha pili hawakuwa wakisoma ubao wa ofisi hata siku moja, lakini karatasi niliyoifunga kwenye nguzo ya kisima ilisomwa na kila mmoja, na asiyejua kusoma alisomewa. Mahudhurio ya wanawake yalipanda tangu mkutano ule.

Mwenyekiti asipoitisha, msimseme vijiweni. Andikeni barua fupi ya heshima, watu kumi au ishirini wakiweka saini:

"Ndugu Mwenyekiti, sisi wakazi wa vitongoji vilivyotajwa hapa chini tunaomba mkutano mkuu wa kijiji wa robo hii uitishwe, kwa kuwa miezi mitatu imepita tangu mkutano uliopita. Tunaomba ajenda zihusishe taarifa ya mapato na matumizi na kuthibitisha muhtasari wa mkutano uliopita. Nakala: Mtendaji wa Kata, Mheshimiwa Diwani."

Pelekeni nakala mbili, moja abaki nayo, nyingine agonge mhuri na kuandika tarehe, mrudi nayo. Barua isiyo na mhuri wa kupokelewa ni rahisi mtu kusema hakuiona. Katika miaka yangu yote sikuona barua ya namna hiyo, yenye nakala kwa Mtendaji wa Kata, ikikaa mwezi bila kujibiwa.

Kusoma hesabu

Hapa ndipo naomba msomaji wangu atulie.

Taarifa ya mapato na matumizi husomwa haraka, mara nyingi jua likiwa kali na watu wameanza kusimama. Msomaji anataja: "michango, milioni moja laki tatu na themanini na tano, faini, elfu sitini, matumizi…" na mkutano unapiga makofi. Zuieni hilo. Ombeni taarifa iandikwe kwa chokaa ubaoni au kwenye karatasi kubwa na ibandikwe ukutani saa moja kabla ya mkutano. Namba iliyosikika hupotea. Iliyoandikwa humngoja mwenye swali.

Nitawasimulia nilivyofundishwa. Kijiji changu cha pili kiliazimia kila kaya itoe 5,000 za darasa. Kaya zilikuwa 412. Mimi mtendaji nikasoma kwamba zimekusanywa 1,385,000, nikataja saruji, mchanga, fundi, salio, na hesabu ikafunga vizuri. Nilijivunia ilivyofunga. Akasimama bibi mmoja, muuza mlenda mkavu, hajui kusoma, akauliza, "Mwanangu, kaya zote zingetoa, ingekuwa ngapi?" Nikapiga: 2,060,000. "Basi hizo zilizobaki ni za nani?" Zilikuwa 675,000, sawa na kaya 135. Akasema, "Mimi kwenye kitongoji chetu sijui mtu asiyetoa. Tusomeeni majina."

Tukasoma majina, kitongoji kwa kitongoji, mpaka kiza kikaingia na mtu akawasha tochi ya simu. Watu 96 walisimama kusema wametoa, na wengi walikuwa na vipande vya karatasi ya daftari alivyowaandikia mkusanyaji wa kitongoji chao. Ni 480,000 hizo, hazikuwahi kufika ofisini. Kaya 39 tu ndizo ambazo kweli zilikuwa hazijatoa. Mkusanyaji alikiri palepale, mkutano ukampa wiki mbili, akarudisha. Darasa likapauliwa msimu ule.

Mimi nilikuwa nimeangalia fedha zilizoingia na zilivyotumika, sikuangalia zilizopaswa kuingia. Tangu siku ile, swali la kwanza la hesabu yoyote kwangu ni la bibi yule: zote zingeingia, zingekuwa ngapi?

Swali la pili ni stakabadhi. Mchango, faini au ushuru wowote utoke na stakabadhi halali ya Serikali, na siku hizi malipo mengi ya halmashauri hupitia mashine ya posi au namba ya kumbukumbu ya malipo. Kipande cha daftari usikikubali, hata kama anayekupa ni shemeji yako. Ukiwa mwenye mazao, chunguza pia kiwango: tangu 2017 ushuru wa mazao ni asilimia 3 ya bei ya shambani kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Muuza alizeti anayejua hilo hakatwi ovyo kizuizini.

La tatu ni azimio. Kwa kila tumizi kubwa, uliza: tuliliamua lini, na limeandikwa kwenye muhtasari wa tarehe gani? Kama "matengenezo ya ofisi" yamekula laki sita na hakuna kikao kilichoyapitisha, hata kama ofisi kweli imepakwa rangi, kuna kosa la kusahihishwa.

La nne ni salio la benki. Taarifa ya benki isomwe pamoja na daftari. Salio la daftari na salio la benki yakitofautiana, mtendaji aeleze tofauti, na maelezo yaandikwe.

Ulizeni kwa adabu. "Mheshimiwa mwenyekiti, naomba ufafanuzi" inafungua milango ambayo "mmekula" inaifunga. Na asiye na uwezo wa kusimama mbele ya watu amtume mwenye sauti. Nimewaona akina mama wakikaa na swali zuri miezi sita kwa sababu baba mkwe alikuwa meza kuu. Swali lile mpeni mtu wa kitongoji kingine alisome.

Muhtasari

Kijiji changu cha kwanza nilikikuta na kesi. Kuna ardhi ya kijiji, ekari 300 hivi, ilikuwa imetolewa kwa mtu wa nje. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inataka mkutano mkuu uidhinishe, na ardhi isiyozidi hekta 250 uamuzi wa mkutano mkuu ndio wenye uzito. Ikizidi hapo jambo linafika kwa Waziri. Ekari 300 ni kama hekta 121, kwa hiyo karatasi moja ya kijiji ilitosha kuipitisha. Na karatasi ilikuwepo. Muhtasari wa mkutano mkuu wa mwezi Mei, umechapwa, una mhuri, na umeambatishwa orodha ya mahudhurio yenye majina zaidi ya mia mbili, saini na madole gumba.

Wakazi walisema mkutano ule haukufanyika. Lakini saini walizitambua kuwa ni zao. Ikawa fumbo, mpaka mzee mmoja akaomba asomewe majina yote. Jina la mkewe likatajwa, na dole gumba lake lipo. Mzee akasema, "Mke wangu nilimzika Aprili." Ndipo watu wakakumbuka. Februari, mwaka wa njaa, walipanga foleni kupokea mahindi ya msaada, wakaweka madole yao kwenye karatasi zisizo na kichwa. Karatasi zile zile ndizo zilizobandikwa nyuma ya muhtasari wa Mei.

Ardhi ilirudi, baada ya miaka miwili. Ushahidi uliowaokoa ulikuwa kaburi la mama yule. Kungekuwa na muhtasari wa kweli, uliothibitishwa mbele ya watu, wasingehitaji kaburi.

Kwa hiyo shikeni haya kwa uzito kuliko yote niliyoandika.

Msiweke saini wala dole kwenye karatasi isiyo na kichwa. Juu ya kila ukurasa, si wa kwanza tu, paandikwe jina la kijiji, aina ya kikao, tarehe, na kinachosainiwa. Mkiandikishwa mahindi, kichwa kiseme mahindi. Ukurasa ukiisha na nafasi ikabaki chini, upigwe mstari.

Maazimio yasomwe kwa sauti kabla mkutano haujafungwa. Si muhtasari wote, huo unahitaji kuandikwa kwa utulivu. Maazimio peke yake. Katibu asimame aseme: "Tumeazimia moja, mbili, tatu," na kila azimio liwe na mtekelezaji na tarehe. Azimio la "uongozi ulifanyie kazi" halina mwenyewe, likataeni.

Mkutano unaofuata uanze kwa kuthibitisha muhtasari uliopita, kisha yatokanayo, yaani yale yaliyoachwa na kikao hicho yamefikia wapi. Viongozi wenye haraka hupenda kuruka hapo. Msiwaruhusu. Hapo ndipo muhtasari unapogeuka kutoka karatasi ya katibu na kuwa neno la kijiji, na ndipo mtu wa kitongoji cha mwisho anapopata nafasi ya kusema: "Ukurasa wa tatu, hatukusema hivyo."

Na wekeni daftari la pili. Teueni mkazi mmoja kila kitongoji, asiye mjumbe, mwenye mwandiko unaosomeka, aandike tarehe, idadi ya waliohudhuria na maazimio. Halina nguvu ya kisheria kama muhtasari wenye mhuri, lakini siku muhtasari rasmi ukisema jingine, madaftari matano yanayokubaliana hayapuuzwi. Simu nazo zinafaa: pigeni picha kila ukurasa wa muhtasari uliosainiwa, siku hiyo hiyo.

Kutoka kijijini kwenda juu

Hili nitalipitia kwa kifupi. Mapendekezo ya kijiji huenda Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni Diwani na katibu ni Mtendaji wa Kata, kisha halmashauri ya wilaya. Mipango ya mwaka ujao wa fedha huanza kukusanywa miezi mingi kabla ya Julai, kwa hiyo vipaumbele vyenu vipitishwe kwenye mkutano wa Septemba, au wa Desemba mkichelewa sana. Kijiji kinachoanza kujadili zahanati mwezi Mei kimekuta bajeti imefungwa. Pelekeni vipaumbele vitatu vyenye mpangilio, msipeleke kumi na vitano. Orodha ndefu humpa mwingine kazi ya kuwachagulia.

Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vikumbuke asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu. Ni mkopo usio na riba, na wa kumuuliza ni Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata.

Mkinyimwa

Mkiomba taarifa ya hesabu au nakala ya muhtasari mkazungushwa, andikeni ombi kwa kutumia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Ofisi ya umma ina siku 30 za kujibu. Andikeni mnachotaka kwa jina lake: "muhtasari wa mkutano mkuu wa tarehe fulani", "taarifa ya benki ya Julai hadi Septemba". Ukiandika "taarifa zote za fedha", utajibiwa kwamba hazieleweki. Kukiwa na dalili ya wizi, wapo mkaguzi wa ndani wa halmashauri na TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, na hao watataka karatasi zile zile nilizokwisha kuzitaja: barua yenye mhuri, stakabadhi, picha za muhtasari, daftari la kitongoji.

Mtendaji mwema hataona haya yote kama vita. Mimi nililala vizuri zaidi miaka ile ambayo wakazi walinibana, kwa sababu mkaguzi alipokuja nilimpa faili na kila kitu kilikuwa ndani. Kwa hiyo nendeni kwa mtendaji wenu kwanza, mumwambie mnataka kumsaidia kutunza kumbukumbu, mkabidhiane kwa maandishi. Nakala yoyote utakayopewa, kabla hujatoka mlangoni, igeuze nyuma uandike tarehe uliyoipokea, na jina na cheo cha aliyekupa.